Gunia la Usufi la Mama

Juzi mjukuu wangu kaniletea godoro la sponji, jepesi, limefungwa kwenye nailoni, akasema, "Bibi, hayo matandiko yako ya zamani tuyatupe, yameshajaa vumbi." Nikamwambia lete mkasi kwanza. Nikapasua mto mmoja, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Usufi ulikuwa umeshikana mabonge mabonge, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na ile harufu yake kavu ikanipanda puani. Nikapiga chafya tatu mfululizo, halafu nikakaa kitako pale pale sakafuni nikalia. Mtoto wa watu akaogopa, akadhani nimeumwa na mdudu. Nikamwambia niache, mwanangu, si mdudu.

Nyie wenzangu mliolala juu ya usufi enzi za Mwingereza mnanielewa. Watoto wa siku hizi wakitaka godoro wanakwenda dukani, wanachagua kwa unene. Sisi godoro tulilianzia mtini. Unangoja matunda ya msufi yakauke na kupasuka, unayaokota kabla upepo haujakuwahi, unachambua, unaanika, unahifadhi, na bado hujaona hata uzi wa kushonea. Mtu aliyelala vizuri kwetu alikuwa amefanyiwa kazi mwaka mzima.

Kwetu ni Mitwero, nje kidogo ya Lindi, na wakati huo ilikuwa mashamba na nyumba chache za makuti. Tulikuwa tunakaa kwa bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa nyapara kwenye mashamba ya mkonge, anakuja nyumbani siku za mapumziko, amechoka, hasemi sana. Bibi ndiye aliyekuwa na nyumba, na Bibi alikuwa mshonaji wa magodoro, mito na mifarishi, yale mablanketi mazito ya kujaza pamba ambayo watu walijifunika wakati wa baridi ya Julai. Maharusi wa kuanzia mjini mpaka Mingoyo walilala juu ya kazi ya mikono yake.

Alikuwa na chumba chake cha nyuma alichokiita chumba cha usufi. Jamani, masharti ya chumba kile! Hakiingii koroboi, maana cheche moja tu nyumba yote imekwenda. Hakiingii mtu mwenye mikono maji, kwa sababu usufi ukinywa unyevu haufai tena. Haingii mtu mwenye kicheko, maana ukicheka unavuta pumzi, na ukivuta pumzi umemeza usufi. Mimi nilikuwa na kicheko cha karibu sana, kwa hiyo nilitolewa mle mara nyingi kuliko nilivyoingia.

Magunia yalining'inizwa kwenye boriti, yasiguse chini. Kila kamba ilipitishwa katikati ya kifuu kilichofunikwa kama kofia, ili panya akishuka na kamba afike pale ateleze, aanguke. Niliwahi kumwona mmoja akianguka, akanitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia ubaya. Juu ya magunia Bibi alitupia majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Pamba ya mifarishi ilikuwa na kasha lake, imepangwa tabaka tabaka, na kila tabaka limetenganishwa na kipande cha kitambaa cha marekani kuukuu, ili siku ya kushona itoke imelala sawasawa. Sindano zake kubwa, zile shazia za kushonea magodoro, alizidunga kwenye bonge la nta ndani ya kopo la biskuti, zisipate kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Uzi nao ulikuwa humo, na kastabini yake ya shaba ya kuvaa kidoleni, na mkasi ambao mtu akiugusa kukatia kitu kingine chochote alikuwa anatafuta ugomvi.

Shingoni mwa kila gunia palifungwa kipande cha kanga. Kila mwanamke wa nyumba ile alikuwa na gunia lake la usufi aliouokota na kuuchambua kwa mkono wake, na alama ya gunia ilikuwa pindo la kanga yake mwenyewe. Lenye pindo jeusi lilikuwa la Bibi. Lenye pindo la zambarau lilikuwa la Mama. Nami nilikuwa nimeahidiwa langu nikijua kuchambua bila kuacha mbegu.

Sasa Mama hakuwepo. Siku moja, kiangazi kikianza, nilirudi chuoni kusoma Kurani, nikaambiwa amekwenda kwao Miteja, mbali huko Kilwa, kumuuguza mama yake. Alikuwa ameondoka na furushi la nguo tu. Nilimuuliza Bibi anarudi lini, akasema, "Mgonjwa akipona." Nikamuuliza mgonjwa anapona lini, akasema, "Mungu ndiye ajuaye, nenda kachote maji." Basi nikawa namwombea yule bibi wa Miteja, ambaye simjui hata sura, apone upesi aniachie mama yangu. Nilimwombea mpaka nikamchukia.

Nilimtaka Mama, jamani. Sijui nisemeje tena. Nilimtaka asubuhi wakati wa kusukwa nywele, kwa sababu Bibi alikuwa anavuta kama anafunga gunia. Nilimtaka wakati wa kula, maana Mama ndiye aliyejua kwamba sili ukoko ulioungua. Mchana Bibi akijinyoosha, nilikuwa nanyata hadi chumba cha usufi, ninapanda juu ya kasha la pamba, nalikumbatia lile gunia lenye pindo la zambarau na kuegemeza shavu. Lilikuwa laini na lina joto la chumba. Lilibembea kidogo, nami nikabembea nalo. Bibi alinikuta mara moja hivyo. Nilijua nitachapwa, lakini alisimama tu mlangoni, halafu akaenda zake.

Miezi ikapita, kama mitatu hivi. Siku moja Baba akaja, wakazungumza na Bibi ndani, na alipoondoka Bibi akaingia chumba cha usufi akalishusha gunia la Mama. Mimi nilikuwa nafagia uani. Nilipoona pindo la zambarau linatoka mlangoni niliuacha ufagio nikakimbia.

"Bibi, unalifanyia nini?"

"Nashona godoro."

"La nani?"

Bibi alinitazama kidogo. "La mama yako," akasema. "Na mito miwili, na mfarishi. Kaa hapa unisaidie, lakini ukicheka nakutoa."

La mama yako! Wenzangu, mnajua furaha ya mtoto ilivyo, haina breki. Kwani mtu humshonea godoro nani, kama si anayekuja kulala? Kwetu mgeni mkubwa akitarajiwa, Bibi alikuwa anashusha magunia. Ami yangu aliporudi kutoka vitani, godoro lilishonwa wiki nzima kabla hajafika. Sikuuliza tena swali hata moja. Niliona jambo limekwisha: mgonjwa kapona, Mama yuko njiani.

Nilifanya kazi siku zile kuliko siku zozote za maisha yangu. Tuliumwaga usufi chumbani, tukafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa tambara, tukajifunga vitambaa puani. Bibi alikuwa anaupiga kwa fimbo mbili nyembamba, mbegu zinaanguka chini, usufi unapanda juu mpaka simwoni tena, nasikia sauti tu: "Somoe, upo?" "Nipo, Bibi." Mimi kazi yangu ilikuwa kupapasa na kutoa mbegu zilizobaki. Nilizitoa moja moja. Sikutaka hata moja imchome Mama ubavuni. Bibi akishika bonge nililolimaliza, analiminya, anasema, "Huu umekuwa mkono wa mtu mzima sasa," na mimi nikawa nawaza namna nitakavyomwambia Mama: lala hapa, Mama, hapa nimechambua mimi.

Halafu tukauanika juani chini ya chandarua kuukuu, usiibwe na upepo. Bibi akakata kitambaa cha mistari, akashona mfuko wa godoro kwa uzi uliopakwa nta, akaacha mdomo wazi, na mimi nikaingizwa mle ndani nitambae mpaka pembeni kabisa kushindilia usufi kwenye kona. Mle ndani kulikuwa na mwanga wa mistari. Niliimba kasida yote niliyoijua. Nilipotoka nimeota mvi kichwa kizima Bibi alicheka, yeye mwenyewe mwenye masharti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilifikiri ni kikohozi.

Kazi ikaisha siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi lori likasimama barabarani, na akashuka Mjomba wangu, kaka yake Mama, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Nilimrukia. "Shikamoo, Mjomba! Mama yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko nyumbani, anakusalimu sana." Akanipa kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni jipya la maua, mshono wa mkono, na niliujua mshono ule bila kuambiwa. Lilikuwa refu, limeachiwa upindo mpana wa kushushwa nikikua. Nikalijaribisha juu ya nguo zangu. Mjomba akasema, "Kalivae vizuri, halafu uje barazani."

Nilipotoka nimelivaa, nikakuta barazani pana mkeka, na wamekaa Baba, Mjomba, na Mwalimu wetu wa chuoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kanga ameivuta mpaka usoni. Mimi nilipomwona Mwalimu nikajua nimekosa kitu, labda ninatakiwa kusoma. Nikakaa, nikakunja miguu.

"Somoe," Mwalimu akasema, "nionyeshe mkono wako wa kulia."

Nikaonyesha.

"Na wa kushoto."

Nikaonyesha. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwamba nimepata. Nikafurahi. Sikujua wakati ule kwamba kwa sheria yetu mtoto akishapata akili ya kupambanua, huulizwa mwenyewe mbele ya watu, na analosema ndilo linalokuwa. Hakuna aliyenieleza. Labda kila mmoja alidhani mwenzake ameshanieleza, labda waliona haya. Kwetu talaka haikutajwa mbele ya mtoto.

"Sasa sikiliza vizuri," Mwalimu akasema, taratibu, kwa upole. "Unataka kukaa hapa kwa baba yako, au uende na Mjomba Miteja kwa mama yako? Sema unavyotaka wewe. Hakuna atakayekukasirikia."

Nilifikiri, wallahi nilifikiri. Akili yangu ya mtoto ikafanya hesabu zake. Mama anakuja, godoro lake liko tayari ndani, mito imejazwa, mfarishi umekunjwa. Mimi nikiondoka leo na lori kwenda Miteja, naye akaondoka Miteja kuja huku, si tutapishana njiani? Atafika, atakuta chumba kitupu. Atalala juu ya godoro asijue nani aliyechambua. Niliwaona watu wazima wale hawajaliwaza jambo hilo, na nikajiona mwerevu.

"Nitakaa hapa," nikasema.

Mjomba akainama. "Somoe," akaniambia, "umesikia ulivyoulizwa? Kwa mama yako."

"Nimesikia. Nitakaa hapa hapa."

Mwalimu akauliza mara ya tatu, nikajibu mara ya tatu, safari hii kwa sauti, maana nilianza kuwaona wazito. Baba akasema, "Basi, mmesikia wenyewe." Mjomba akapitisha kiganja usoni, akasema, "Haya. Mungu amkuze." Kahawa ikaletwa, akainywa kidogo, akaiweka.

Nikarudi uani kucheza na gauni langu, nazunguka lipeperuke. Nilipoingia tena ndani nikakuta chumba cha Bibi kina nafasi pana pale godoro lilipokuwa. Nikatoka mbio mbele. Mjomba na utingo walikuwa wanalifunga godoro juu ya lori kwa kamba, na mito juu yake, na mfarishi, na sanduku la Mama. Nikapiga kelele, "Mjomba, hilo ni la Mama!" Naye akajibu kutoka juu, "Ndiyo, mama. Nampelekea mwenyewe." Lori likaondoka. Nilisimama pale na vumbi lake.

Nikamwendea Bibi, alikuwa bado kizingitini. "Bibi," nikamwambia, "sasa Mama akija atalalia nini?"

Bibi akaitoa kanga usoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. "Somoe," akasema, "wewe umesema unakaa hapa kwa sababu gani?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari ya kupishana njiani.

Bibi yangu, ambaye magoti yalimuuma hata kwenda kisimani, alikimbia. Alikimbia barabarani kwa kanga moja, kichwa wazi, anaita jina la Mjomba, mimi nyuma yake nalia bila kujua ninalia nini. Tulifika mpaka kwenye mikorosho ya jirani, akakaa chini katikati ya njia. Lori halikuonekana tena. Akanivutia kwake akasema, "Ni usufi wake, mwanangu. Mwanamke akiachwa hupelekewa alichokiokota kwa mkono wake. Ni haki yake. Nilidhani unajua. Nilidhani unanisaidia huku unajua."

Jioni alimwambia Baba, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwomba mwanawe. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, mtoto ameulizwa mara tatu mbele ya watu. Nikimtuma leo, watasema nimemfukuza. Akikua atakwenda mwenyewe." Sasa ninapokumbuka nadhani Baba naye alinitaka, na hakujua kulisema. Lakini siku ile nilimchukia, na sikumsamehe haraka.

Mama aliolewa tena huko, akazaa wengine. Kila Idi gauni lilikuja kwa mkono wa msafiri. La kwanza lilinikaa vizuri, la pili likanibana kidogo kwapani. La tatu halikupita mabegani. Mama alikuwa anakisia tu, na makisio yake yalikuwa yananiacha nyuma kila mwaka. Bibi alikuwa anafumua na kuongeza vipande ubavuni, akitumia ule mkasi wake. Tulituma habari kwamba nilikosea kujibu, lakini habari ya mdomo ikipita kwa utingo, kwa muuza samaki, kwa jirani, mnajua inavyofika. Iliyofika kwa Mama ilikuwa kwamba mtoto hajambo, anakusalimu.

Nilimwona nilipokuwa nimeshaolewa, nina mtoto mgongoni. Mume wangu alinipa ruhusa, nikapanda lori kwenda Miteja siku mbili nzima. Nilimkuta mwanamke mfupi kuliko niliyemkumbuka, anapukuchua kunde kwenye jamvi. Alinitazama, akamtazama mtoto, akasimama, kunde zikamwagika. Tulilia weee, mpaka wadogo zangu nisiowajua wakaja kuchungulia.

Tulipotulia tukakaa kuziokota kunde. Nikamwambia yote, tangu gunia mpaka lori. Alinisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Kaka yangu aliniambia umevaa gauni, umekaa vizuri, na umekataa mara tatu. Nikasema basi, mwanangu kanichoka. Nilikuwa nimekutandikia."

"Nilikuwa nakungoja, Mama."

"Kwa hiyo ulingoja," akasema. Akaokota kunde mbili tatu. "Ulingoja mpaka lini?"

Nilitaka kumwambia mpaka nilipokua, au mpaka uliponiletea gauni lisilopita mabegani. Lakini haingekuwa kweli, na safari ya siku mbili sikuwa nimekuja kumdanganya. Nilimwambia kwamba hata sasa, tumekaa goti kwa goti, bado namngoja.